Milioni 45: Jeep ya 2012 au nijibane na Toyota? Wajuvi wa magari njooni

Ndinga_Mpya (Bunju)

Wakuu habari za jioni.

Naenda moja kwa moja. Nina milioni 45 nilizodunduliza miaka minne, si mkopo wala urithi, kwa hiyo msinitanie sana. Nakaa Bunju, kazi Posta, na kila Desemba lazima nipandishe Iringa na familia. Kitonga naijua, na yenyewe inanijua.

Dalali kanionyesha Jeep Grand Cherokee ya 2012, injini 3.6 ya petroli, nyeusi, ngozi ndani, paa la kioo. Anataka 36. Pembeni yake kuna Prado ya mwaka huohuo, viti vya kitambaa, imechunwachunwa kama ililala na paka. Anataka 78. Nikamuuliza tofauti yote hiyo inatoka wapi. Akacheka tu: "Bosi, hii ni Toyota."

Sasa nauliza. Hizo milioni 42 za ziada ni ubora wa Mjapani au tumekaririshwa? Maana kwa hela ya Jeep, Mjapani ninayempata ni Harrier ya zamani au Vanguard iliyotembea. Halafu mke wangu ameshaiona ile Jeep. Mnaelewa nina vita mbili.

Chizi_wa_Wese

Nimekaa pale na kahawa na kashata. Endeleeni.

Mzee_Tabata

Kijana, mimi nina miaka 61 na nimemiliki magari tangu enzi za Datsun. Gari la Kimarekani ni la kupigia picha. Nina Toyota Voltz ya 2003, niliagiza mwenyewe kutoka Japani mwaka 2014, mpaka leo haijanilaza njiani hata usiku mmoja. Oili, filta, plagi, basi. Wamarekani wanajua ndege na mabomu. Gari mwachie Mjapani. Chukua Toyota yoyote, hata kuukuu kama yangu, ulale usingizi.

FundiGerezani

Mtoa mada, mimi nipo gereji mwaka wa 19, nimefungua Toyota nyingi kuliko sahani za wali nilizokula. Na Jeep nimefungua, si chache. Ngoja nikuambie kitu ambacho dalali hatakuambia.

Ile injini ya 3.6 si mbaya. Ni V6, yaani silinda sita zilizopangwa umbo la V, inatumia cheni si mkanda, alumini tupu. Za mwanzo, kati ya 2011 na 2013, zilikuwa na tatizo la silinda hedi ya upande wa kushoto, na kampuni yenyewe iliongeza muda wa dhamana kwa ajili hiyo. Kulikuwa pia na rilei ya pampu ya mafuta, magari yakaanza kuitwa kurekebishwa 2014. Hayo yako kwenye rekodi, na gari ya 2012 uliyoonyeshwa inawezekana kabisa ilishatengenezwa hukohuko ilikotoka. Bodi yake chini ni ndugu wa Mercedes ML, waliichora wakati Chrysler, wenye Jeep, na Mercedes bado wanakula sahani moja. Ukiifunga mlango utasikia.

Sasa kinachoiua hapa kwetu. Nyumba ya filta ya oili kwenye ile injini ni ya plastiki, na imekaa katikati ya V, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, mahali pa joto kuliko pote. Ikizeeka inavuja. Oili inatambaa nyuma ya injini, inadondokea pale giaboksi inapoungana na injini. Fundi asiyeijua anaona tone, anasema "bosi, sili ya krenki imekufa", anashusha giaboksi. Analipwa. Anapandisha. Tone bado lipo. Anashusha tena. Mwenye gari anaenda kusimulia mtaani kwamba Mmarekani ni mbovu. Mbovu ni nani hapo?

Halafu maji. Kuna watu wanatia maji ya bomba kwenye rejeta kama wanamwagilia mchicha. Toyota ya zamani itakuvumilia kidogo kabla haijakuchukia. Hedi ya alumini yenye njia nyembamba za maji haikuvumilii.

Na spea. Pampu ya maji ya Noah naifuata kwa miguu, narudi chai yangu haijapoa, na nimechagua: orijino, ya Taiwani, ya Kichina, au iliyofunguliwa kwenye gari iliyoanguka. Ya Jeep naagiza Dubai au Afrika Kusini. Wiki mbili, tatu. Gari imelala gereji, wewe unapanda bajaji kwenda kazini, mke anauliza gari iko wapi. Hiyo gharama hakuna anayeiandika.

Ndinga_Mpya

Mkuu nimekupata. Kwa hiyo tatizo si chuma, ni chuma kukosa ndugu mjini?

FundiGerezani

Hapo umesema. Gari isiyo na ndugu mjini ikiugua inakufa peke yake.

OhioMtanga (Columbus)

Wakuu salaam, mimi ni mtu wa Tanga, nipo Ohio mwaka wa 14 sasa. Alichosema fundi ni kweli, na huku mambo ni hivyohivyo ila yamegeuzwa kichwa chini.

Gari yangu ya kwanza huku ilikuwa Buick LeSabre ya 2003. Nilinunua kwa mzee mmoja dola 2,600. Corolla ya umri ule ilikuwa dola 5,500 na ina kilomita nyingi zaidi. Ile Buick ina injini ya GM (General Motors) inayoitwa 3800, V6 ya kizamani, viti kama makochi. Niliiendesha miaka sita. Altaneta ilipokufa nilikwenda duka la jirani, ipo kwenye shelfu, nikaifunga mwenyewe kwenye maegesho na spana mbili nikiangalia video. Huku spea za Mmarekani ndizo zinazofuatwa kwa miguu. Wenye akili ya hela wanajua: anayenunua Toyota iliyotumika analipa kodi ya jina, anayenunua Buick ya kizee analipia chuma tu.

Lakini sidanganyi, kwa wastani Mjapani anadumu zaidi. Kila mwaka tafiti za watumiaji zikitoka, Toyota na Lexus wako juu au karibu na juu, na hilo halikuanza jana. Tatizo ni pale watu wanapodhani Mjapani hagusiki. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ilikula fremu za Toyota Tacoma mpaka zikatoboka. Mwaka 2016 kampuni ilikubali kulipa hadi dola bilioni 3.4 kumaliza kesi hiyo, watu wakabadilishiwa fremu nzima. Kwenu hakuna theluji, kwa hiyo hamkuusikia ugonjwa huo.

Na Hilux mnayoiabudu? Huku haiuzwi. Tangu 1964 kuna ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje, ulitokana na ugomvi wa kuku na Wazungu wa Ulaya, msiniulize zaidi. Mmarekani amekua na pikapu zake bila kusumbuliwa kwa sababu ya kuku.

Sasa Mzee Tabata, shikamoo. Naomba nikuulize kwa heshima zote: ile Voltz yako unajua ilizaliwa wapi?

Mzee_Tabata

Marahaba. Japani. Niliilipia mwenyewe, nyaraka ninazo.

OhioMtanga (Columbus)

Mzee, ilitoka Japani, lakini haikuzaliwa Japani. Voltz ni Pontiac Vibe iliyobadilishwa nembo na kuhamishiwa usukani kulia. Imeundwa Fremont, California, kwenye kiwanda cha ubia kati ya GM na Toyota kilichoitwa NUMMI. Ilianza kupandishwa meli kwenda Japani mwaka 2002, Wajapani hawakuipenda, mwaka 2004 wakaacha kuiuza. Wewe ukaichukua kutoka kwao. Kwa hiyo umeendesha gari la California muongo mzima.

Chizi_wa_Wese

Mungu wangu. Kashata imenikaba.

Kipanga_wa_Kimara

Mzee Tabata uko wapi? Ndege na mabomu, eti?

OhioMtanga (Columbus)

Msimcheke mzee, kwa sababu gari yake ndiyo jibu la uzi huu kuliko maneno yangu yote. Hebu sikilizeni habari ya hicho kiwanda.

Fremont kilikuwa cha GM peke yao. Sifa yake ilikuwa mbaya: watu hawaji kazini, wakija wanagombana na wasimamizi, gari inatoka na kasoro ambayo kila mtu aliiona na hakuna aliyesema. Mwaka 1982 kikafungwa. Mwaka 1984 Toyota na GM wakakifungua pamoja, na walioajiriwa wengi walikuwa walewale wa mwanzo. Tena chama cha wafanyakazi ni kilekile. Baadhi yao walipelekwa Japani kujifunza.

Kubwa lililobadilika lilikuwa kamba. Juu ya mstari wa kuunganisha magari kulikuwa na kamba, na fundi yeyote akiona kasoro anaivuta. Kiongozi wake anakuja mbio. Wasipoimaliza, mstari unasimama. Zamani kusimamisha mstari ilikuwa kosa kubwa, gari liende hata kama mlango haufungi, litarekebishwa mbele ya safari. Sasa anayevuta kamba anaambiwa asante. Mikono ni ileile ya Wamarekani, na haikuchukua muda magari ya Fremont yakawa yanatajwa kwa ubora.

GM walifilisika 2009, wakajitoa kwenye ubia, na 2010 kiwanda kikafungwa. Leo ndipo Tesla wanapotengenezea magari yao. Hapa nilipo, Honda walianza kuunda Accord pale Marysville mwaka 1982, sina safari ndefu kufika. Camry nyingi za huku zinatoka Kentucky. Kwa hiyo mtu akiniambia "Mjapani" namuuliza: unamaanisha damu au mahali alipozaliwa?

Na kinyume chake kilishajaribiwa. Chevrolet Cavalier ya hapahapa Ohio, kiwanda cha Lordstown, iliwahi kuuzwa Japani kwa jina la Toyota Cavalier. Nembo ya Toyota kabisa mbele. Wajapani hawakudanganyika. Ilipofika 2000 ikazikwa.

DadaWaMbezi

Mimi nitaongea kama niliyeumia, si kama mjuvi.

Niliwahi kumiliki Mmarekani. Kampuni siitaji, haitusaidii. Nilinunua milioni 32, gari nzuri, kila nikishuka watu wananiita mheshimiwa. Mwaka wa pili tunapandisha Kitonga, lori mbele, lori nyuma, gia ikaanza kuteleza. Injini inalia, gari haiendi. Tukapaki pale kwenye kona tukiweka majani barabarani kama watu wa zamani. Fundi aliyeitwa kutoka Iringa alifungua boneti, akaangalia, akafunga taratibu kama anafunika maiti. "Dada, hii sijawahi kuigusa, na sitaki kujifunzia kwako." Nilimheshimu kwa hilo. Ikabebwa mpaka Dar.

Dar ndipo nikajua kwamba miezi minne nyuma, fundi wangu wa kawaida alibadilisha oili ya gia akatia ile anayotia kwenye Toyota zote. Gari ile ilitaka ya aina yake. Yeye alisema oili ni oili.

Kuitengeneza milioni 6. Sasa kuiuza! Tangazo lilikaa miezi saba. Wanaokuja wanaisifia, wanapiga picha nayo, wanaondoka. Mwisho nimeiuza 14, aliyeinunua alikuwa na ya pili kama hiyo, alitaka spea. Siku hizi nina Rav4. Haina raha yoyote. Nikisema nauza kesho, jioni nina hela.

Ndinga_Mpya

Dada pole sana. Hilo la oili nimelinukuu kwenye daftari.

Mhasibu_Kinondoni

Wakuu punguzeni hadithi, tuhesabu.

Kwanza Prado itoke mezani. Mtu ana 45, gari ya 78 inaingiaje? Swali halisi ni Jeep ya 36 dhidi ya Vanguard au Harrier ya bei ileile.

Bunju hadi Posta tuweke kilomita 30. Kwenda na kurudi 60, siku 22, unapata kilomita 1,320 kwa mwezi. Kwa foleni ya barabara ya Bagamoyo, V6 ya 3.6 mpe kilomita 6 kwa lita, akikupa zaidi mshukuru Mungu. Hiyo ni lita 220. Injini ya 2.4 mpe 9 kwa lita, lita 147. Tofauti lita 73 kila mwezi. Lita tuiweke 2,900, ni kama laki mbili na elfu kumi kwa mwezi. Kwa mwaka milioni mbili na nusu, hujapasua hata taa.

Pili, kuuza. Dada hapo juu katupa darasa bure. Gari ni hela uliyoipaki. Toyota ni akiba inayotembea, inapungua polepole. Huyo Mmarekani ukitoka naye tu kwa dalali ameshakula sehemu ya mtaji, kwa sababu mtu wa pili naye atasoma uzi kama huu.

Lakini ngoja niwe mkweli kwa upande wa pili. Bei yake ya chini ndiyo hiyohiyo hasara, ila imebebwa na mwenye gari wa kwanza. Ukinunua Mmarekani aliyekwisha kushuka bei, ukakaa naye miaka kumi mpaka afie mikononi mwako, hoja ya kuuza inakufa. Inabaki wese na spea. Wenye roho hiyo wapo. Mtoa mada ni mmoja wao?

Ndinga_Mpya

Mimi kila baada ya miaka minne nabadilisha simu, sembuse gari. Siyo mmoja wao.

MwanaMaskati (Muscat)

Assalaam alaykum. Miye mtu wa Unguja, nipo Maskati. Huku hakuna anayecheka gari la Kimarekani. Yukon na Tahoe zimejaa, watu wanasafiri nazo hadi Salalah kwenye joto la nyuzi 48 na kiyoyozi kinakutia baridi ya mwezi wa saba. Land Cruiser nayo ipo, bei yake haishuki, kama dhahabu ya bibi harusi.

Siri yake ni hii: magari yanayoletwa rasmi Ghuba yanatengenezwa kwa ajili ya Ghuba. Rejeta kubwa, feni zenye nguvu, kiyoyozi chake. Balaa ni yale yanayoitwa "warid", yaliyonunuliwa kwenye minada ya Marekani yamegongwa au yameingia maji, yakatengenezwa Sharjah yakang'arishwa. Nembo ileile, gari si lilelile. Wengi wanaoleta Mmarekani Afrika wanapitia mlango huo. Mtoa mada, hiyo Jeep imetoka wapi? Usukani kulia, basi itakuwa Japani, Uingereza au Afrika Kusini. Uliza. Kila nchi inakuachia ugonjwa wake.

Na huu ubishi wa nani hakosei, hakuna. GM mwaka 2025 waliita kurekebishwa magari karibu laki sita yenye V8 ya lita 6.2, vyuma vya ndani vya injini. Toyota mwaka mmoja kabla waliita kama laki moja, Tundra na Lexus LX, mabaki ya vyuma yalisahaulika ndani ya injini kiwandani. Toyota hiyo! Mpaka huku watu walishika vichwa.

GroganKijana (Nairobi)

Salamu kutoka Nairobi. Niongeze moja tu. Kwa miaka mingi hapa kwetu tulikuwa na kampuni ya Wamarekani, General Motors East Africa, inaunganisha magari Barabara ya Mombasa. Mnajua gari iliyowalisha ni gani? Isuzu. Malori na matatu za Isuzu. Mwaka 2017 GM wakauza hisa zao asilimia 57.7 kwa Isuzu wenyewe, jina likabadilishwa, na Jumatatu makanika wa Kirinyaga Road hawakujua kama kuna kitu kimetokea. Spea ni zilezile.

Na Ford Ranger mnayoiita ya Kimarekani: ile ya zamani ni Mazda iliyobadilishwa uso. Hii iliyokuja 2011 imechorwa Australia, na zinazotufikia nyingi zimeundwa Pretoria. Hapo Amerika iko wapi, kwenye kibandiko?

Simba70 (Arusha)

Sisi wa watalii tuna Land Cruiser 70, dizeli 1HZ, springi za majani nyuma. Barabara ya Naabi kuingia Seronera inakutikisa mpaka kujaza kwa jino kunatoka. Ikivunjika kitu Serengeti, tunachomelea palepale. Ila naomba niseme: hiyo 70 na Prado ya paa la kioo ni majina yamefanana tu. Watu wananunua Prado kwa sifa za 70.

Buja_Mwambao (Bujumbura)

Huku kwetu tunatembea upande wa kulia wa barabara, lakini tumejaa Toyota za usukani kulia zilizopitia bandari ya Dar. Kupita lori ni mpaka abiria akuchungulie. Mmarekani wa usukani kushoto ndiye angetufaa. Hakuna anayemnunua. Spea zinatoka kwenu, na kwenu ni Toyota.

FundiGerezani

Buja umenifurahisha. Abiria ndiye sensor ya gari.

Sasa mtoa mada, kabla hujakimbilia Mjapani kichwa kichwa, naye nimfungue boneti.

D4, zile injini za Toyota zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ukisikia Noah au Rav4 ya zamani ya injini 1AZ-FSE, ni Toyota, lakini pampu yake ya presha na nozeli zikikataa utajuta kuzaliwa. Ilitaka petroli safi ya Japani. Giaboksi za mkanda za Nissan nyingi, zile zisizo na hatua za gia, zilipelekwa mahakamani huko Marekani hadi kampuni ikaongeza dhamana. Mikoba ya hewa (airbag) ya Takata, kampuni ya Kijapani, ililipuka ikarusha vyuma, ikaua watu, kampuni ikafilisika 2017. Magari ya kampuni nyingi yalikuwa nayo, na mengine yameshapanda meli kuja kwetu bila kubadilishwa. Ukinunua, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya kampuni uone kama kuna wito wa kurekebishwa haujafanyiwa kazi. Hiyo ni bure.

Na hiyo Vanguard ya 2.4 mnayoitaja, injini 2AZ-FE ya miaka ile inakunywa oili. Toyota wenyewe Marekani waliwabadilishia wateja pistoni. Usinunue kabla hujafungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, ukaangalia moshi, na kuchomoa plagi moja moja. Mwenye gari akikataa plagi zichomolewe, ondoka.

Kwa nini basi bado tunasema Mjapani? Sababu moja ni shaken, ukaguzi wao wa kila miaka miwili. Gari ikizeeka, kuipitisha ni gharama na usumbufu, mtu anaamua kuiuza ingali nzima. Sisi tunapokea gari lililotunzwa kwa kulazimishwa na sheria. Mmarekani akitunzwa hivyo naye angekuja hapa amenona.

Ndinga_Mpya

Wakuu, wiki tatu zimepita, narudisha ripoti.

Nilimchukua fundi (si huyu wa humu) tukaenda kuitazama Jeep. Sitawadanganya: safi. Hakuna tone, hakuna taa iliyowaka, mashine ya kusoma kompyuta haikutoa kosa. Nimeiendesha mpaka Tegeta na kurudi. Nilinyamaza njia nzima. Wakuu, ile gari ni tamu.

Siku ya pili nikafanya zoezi. Niliandika vitu vitano kwenye karatasi: ile nyumba ya filta ya oili, pampu ya maji, koili, shokapu za mbele, kioo cha pembeni. Nikazunguka Gerezani na Ilala maduka tisa. Maduka saba hawakuwa na hata kimoja. Moja lilikuwa na koili. La tisa jamaa aliniambia vyote anavyo, nikasema nivione, akasema "lipa nusu kwanza". Kisha nikazunguka na karatasi hiyohiyo kwa jina la Vanguard. Duka la kwanza walivipanga mezani vyote, wakaniuliza nataka orijino au ya kawaida.

Nilimpa mke wangu karatasi zote mbili. Hakusema kitu. Alichosema baadaye ni kwamba rangi nyeusi inashika vumbi.

Jumamosi naenda kuona Vanguard ya 2010, Mikocheni, 34. Nitachomoa plagi.

DadaWaMbezi

Mwambie mwenye gari usiku kabla, asiiwashe asubuhi. Uikute injini ya baridi.

FundiGerezani

Dada umekomaa. Sahihi kabisa.

Mzee_Tabata

Nimerudi. Nilikuwa sijanuna, nilikuwa nafanya uchunguzi.

Nimekwenda kwa fundi wangu nikamuuliza injini ya Voltz ni ya gari gani. Akasema 1ZZ, ya Corolla na Allion, spea zote anachukua za huko, yeye siku zote alijua tu ni Toyota. Nikamwambia ni ya California. Akaniangalia kama nimeanza kuchanganyikiwa. Basi na iwe. Watoto nyumbani wameanza kuniita Mzee wa Marekani.

Ila kijana wa Ohio, nina shida ya kweli. Mwezi uliopita bodaboda alinigonga mbele, taa ya upande wa kulia ikapasuka. Injini spea ni tele, lakini hiyo taa Dar nzima wananiambia haipo, maana Voltz ni chache na hakuna Toyota nyingine yenye taa kama ile. Huko kwenu hiyo Pontiac si ipo? Nitumie moja kwa mtu anayekuja, hela nakupa.

OhioMtanga (Columbus)

Mzee taa zipo, tena rahisi, dola 60 hivi. Shida ni kwamba huku tunatembea kulia, taa imetegwa imulike ukingo wa kulia. Ukiifunga hapo Tabata itawapofusha wote wanaokuja mbele yako.

Mzee_Tabata

Kumbe nayo ina nchi yake.

FundiGerezani

Mzee, usiitupe hiyo iliyopasuka. Kama kioo cha ndani na mashikio yake ni mazima, njoo nayo Jumatatu, nitatafuta plastiki ya juu ya gari nyingine, nikate, nigundishe. Na usije saa sita, njoo mapema.